Shukrani kwa Mola, Madai kwa Dola

Mtu akipita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa baada ya swala ya alasiri, wakati jua limekwisha legea na wazee wametoka kuketi juu ya mabaraza ya mawe mbele ya nyumba zao, atasikia mambo mawili yakitoka katika kinywa kile kile, wala msemaji haoni taabu kuyaunganisha: kwanza atasikia hamdu, kwamba tumeamka wazima, watoto wamekula, na upepo wa kusi umeanza kupoza nyumba, kisha, kabla kikombe cha kahawa hakijamalizika, atasikia lawama juu ya maji, kodi, bei ya unga, kazi za vijana, bandari na wakubwa wa Nairobi, lawama ndefu zenye miaka na majina, ambazo hukatizwa na adhana ya magharibi tu. Mgeni huenda akadhani kwamba watu hawa hawajui wanalolitaka. Mimi niliyezaliwa humu, na niliyeketi juu ya mabaraza hayo tangu miguu yangu haijafika chini, naona kwamba katika mambo mawili hayo moja halifuti jingine. Na makala haya nimeyaandika kwa kuwa siku hizi wamezidi watu wanaotaka tuchague moja.

Kuna wakubwa ambao, kila wapatapo nafasi ya kusema mbele ya watu, iwe ni harusini, matangani au katika hafla ya futari, hutuhimiza tushukuru. Tazameni Sudan, husema. Tazameni Somalia, tazameni mashariki ya Kongo. Nyinyi mwalala mkaamka, watoto wenu waenda skuli, basi mwalalamikia nini? Maneno haya yana ukweli ndani yake, na hatari yake ni huo ukweli, maana uwongo mtupu hukataliwa upesi, bali ukweli uliowekwa mahali pasipo pake huwapumbaza hata wenye akili. Upande wa pili wapo vijana, na miongoni mwao wamo wa nyumbani mwangu, ambao wakimsikia mzee akishukuru huona kwamba amekwisha uza haki yao kwa bei ya kashata. “Babu, shukrani zenu ndizo zilizotufikisha hapa,” aliniambia mjukuu wangu mmoja, kwa adabu, walakini bila ya kupepesa macho. Sikumjibu siku ile.

Nianze na ya lawama, msomaji asije akadhani kwamba nasema kwa shibe. Kazi yangu ya maisha ilikuwa ukarani, upande wa mawakala wanaokomboa mizigo forodhani, na katika mtaa wetu ilikuwa nadra kuiona nyumba isiyopata riziki yake kutoka bandari ya Kilindini kwa njia ya karani, kuli, dereva, fundi wa malori, au mama mwenye kuuza chakula langoni. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 tuliishangilia pamoja na taifa zima. Mimi mwenyewe nilipanda behewa lake, nikatazama nyika ya Tsavo ikipita dirishani, na sikuona ubaya. Lakini reli ile ilijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka Uchina, na mkopo wa reli hulipwa kwa mizigo, basi ikatoka amri kwamba makontena ya waagizaji wa bara yapakiwe garimoshi na yakakombolewe huko huko Nairobi. Kwa amri moja, shughuli iliyofanywa Mombasa tangu kabla ya babu zetu ilihamishwa maili mia tatu kutoka baharini. Malori yakalala, yadi za makontena zikafunga milango, wenye hoteli za Mariakani na Mtito Andei wakazima majiko, na mwaka 2019 watu wa Mombasa wakawa wanaandamana siku za Jumatatu kuiulizia riziki yao. Mwezi wa Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa, aliitangua amri hiyo, nasi tukasema Alhamdulillah. Ila amri hurudi kwa siku moja na kazi hairudi hivyo. Mwanangu aliyekuwa akihesabu makontena katika yadi mojawapo alikuwa amekwisha kwenda Doha kulinda mlango wa duka la watu, na yuko huko mpaka leo.

Sasa mimi nimhesabu wapi huyu mwana? Fedha anayoleta kila mwisho wa mwezi, inayoingia simuni kwa mlio mdogo kama wa kengele, ndiyo inayolipa karo ya wanawe na maji ya nyumba nzima, na baba ambaye mwanawe hamsahau hana haki ya kusema kwamba hakuneemeshwa; na wakati huo huo mtoto mdogo kabisa wa huyu mwana amejifunza kumwita “Baba” akionyesha kioo cha simu, na alipokuja likizo mtoto alimkimbia akajificha katika buibui la nyanya yake. Neema hii na msiba huu vimetoka katika tukio moja, na yeyote anitakaye niitaje ya kwanza pasipo ya pili anataka niseme nusu ya kweli.

Ya kodi kila mtu anayajua, nami nitayapita upesi. Mwaka 2023 ushuru wa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kabla mwaka haujamalizika lita ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 200. Mahamri ya asubuhi yakabaki na bei yake ya zamani yakapungua umbo, hata ikawa mtu ahitaji mawili kwa sahani moja ya mbaazi, naye mwuzaji, mama mwenye haya, huyafunika kwa kitambaa ili mnunuzi asiyatazame sana. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliotaka kuutoza mkate asilimia 16 na kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka, na vijana wakatoka mabarabarani katika miji mingi, bila ya chama na bila ya kiongozi, simu mkononi na bendera begani. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, risasi zikalia. Kesho yake rais akakataa kuutia mswada ule sahihi. Mwanzoni mwa Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha hesabu watu 39 waliokufa, na hesabu haikusimama hapo.

Binti yangu mdogo alikuwa miongoni mwa walioandamana hapa Mombasa. Alirudi jioni, koo limekauka kwa kupiga kelele, viatu mkononi, akaomba maji. Na mimi niliyekuwa nimekaa karibu na mlango tangu adhuhuri nilisema Alhamdulillah, nikaona haya kuisema kwa sauti, maana nilijua kwamba katika saa hiyo hiyo kuna mzee mwingine, huenda ni wa umri wangu, amekaa karibu na mlango wake na hakuna atakayeingia. Tangu hapo naziogopa shukrani za kujilinganisha, zile za kusema namshukuru Mungu kwa kuwa lililompata fulani halikunipata mimi. Zina harufu ya choyo.

Karani wa forodha hulijua jambo moja ambalo laiti wakubwa wetu wangelijua: shehena kufika salama bandarini si uthibitisho kwamba ushuru wake umelipwa. Chombo kimevuka bahari kwa rehema ya Mola, pepo zimekuwa njema, magunia hayakulowa; haya ni ya kushukuriwa, na nahodha mwenye imani husujudu akishuka. Lakini mbele ya dirisha la forodha sijda ile haisomwi, hapo patatakiwa hati, na anayedaiwa hawezi kumwambia anayedai, “Kwani huoni kwamba chombo hakikuzama?” Kiongozi anayenijibu juu ya maji ya bomba kwa kunikumbusha amani ya nchi amefanya hivyo hasa. Amechukua hamdu niliyompelekea Mola wangu akaitia mfukoni mwake kana kwamba alipelekewa yeye.

Na nimetaja maji, basi na tuyatazame kwa karibu, maana katika mji huu hakuna adha kongwe kama hiyo. Maji yetu hutoka mbali. Sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu hunywewa na mawe ya volkeno, ikachujika chini kwa chini, na kububujika safi kama kioo mahali ambapo viboko huogelea na watalii huja kuwatazama samaki kupitia chumba cha vioo kilichojengwa chini ya maji. Mabomba ya kuyaleta Mombasa yalilazwa katika miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, kwa mji ambao watu wake walikuwa wachache mno kuliko hivi leo. Bomba la pili la Mzima tumeahidiwa na kila serikali iliyokuja, na yanayotufikia kutoka huko, na Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere, na visima vya Tiwi, hayafiki nusu ya mahitaji ya mji.

Basi mfereji wa nyumbani kwangu hukohoa upepo, na sisi twategemea mkokoteni. Mwenye mkokoteni ni kijana wa Kikamba kutoka Kitui, ambako nako, asema, maji ni dhahabu. Huja alfajiri na mitungi yake ya manjano ya lita ishirini, iliyozibwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki badala ya vifuniko, na mtu humjua yu karibu kwa sauti ya magurudumu yake juu ya mawe ya kichochoro. “Shikamoo, mzee,” husema, “leo ni matamu, si ya kisima.” Nami huonja kidogo kwa kiganja, maana ya kisima cha huku yana chumvi na hufaa kufulia tu, na yeye hasikitiki kwa kuonjwa kwangu, kwa kuwa anajua kwamba wapo wenzake wasio waaminifu. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mjane asiyeweza kushuka ngazi. Kijana humpandishia mitungi yake, ngazi za kwetu zilivyo nyembamba na za kusimama wima kama za mnara, wala hatozi zaidi kwa ajili hiyo, na mama yule humwekea kipande cha mkate wa mofa juu ya kizingiti. Mimi katika neema zangu namhesabu kijana huyu. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na haikusema kwamba haki hiyo itapandishwa ngazi na mabega ya mtoto wa watu kutoka Kitui kwa hisani yake.

Kitabu kitukufu kimetaja mara mbili, katika Sura Ibrahim na katika Sura An-Nahl, kwamba mwanadamu akijaribu kuzihesabu neema za Mola wake hatazimaliza. Masheikh waliotusomesha wakituonyesha kwamba mara ya kwanza maneno hayo yamefuatiwa na sifa ya mwanadamu, kuwa ni mwingi wa kudhulumu na kukufuru, na mara ya pili yamefuatiwa na sifa za Mwenyezi Mungu, kuwa ni mwenye kughufiria na kurehemu. Udogoni niliyapokea haya kama jambo la kuhifadhi. Uzeeni nayaona yamenifaa katika siasa, jambo ambalo huenda masheikh wale hawakulikusudia: neema ipo tele, na dhuluma ipo tele, na hii ya pili haitokani na upungufu wa ile ya kwanza. Chyulu haijaacha kupokea mvua. Mzima haijaacha kububujika. Kiu ya Mombasa haikuteremshwa kutoka mbinguni, basi haifai kuombewa subira kana kwamba ilikuwa ukame.

Wala si insafu kusema kwamba dola haikututendea lolote. Mwezi wa Januari 2003 serikali iliondoa karo katika skuli za msingi, na hata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyekuwa na miaka 84, alijiandikisha mwaka uliofuata katika darasa la kwanza pamoja na watoto. Nami nina wapwa ambao bila ya siku ile wangeuza njugu Makadara mpaka leo, na mmoja wao sasa ni muuguzi. Barabara ya Dongo Kundu humfikisha mtu pwani ya kusini pasipo kungoja feri ya Likoni, na aliyepata kukwama pale na mgonjwa garini anajua thamani yake. Haya nayasema bila ya kulazimishwa. Ila sioni kwa nini mtu ashukuriwe kwa magoti kwa kunijengea barabara kwa fedha yangu, na sehemu ya fedha isiyokuwa yangu amenikopea, nami na wajukuu wangu ndio tutakaolipa; deni la taifa, tunavyoambiwa na hao hao wanaokopa, limekwisha pita shilingi trilioni 10.

Lililonifanya nishike kalamu ni jambo la dada yangu mkubwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya zamani iliondolewa ikaingia mpya, ambayo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na katika miezi ile ya mwanzo dada alishikwa na maumivu ya tumbo usiku, tukampeleka katika hospitali moja ya hapa mjini, na daktari, baada ya kumpiga picha, akasema kwamba kifuko cha nyongo kimejaa mawe, kimeshika uvimbe, na hakuna budi kipasuliwe. Tukapelekwa dirishani. Bibie aliyekuwepo alikuwa mpole sana. Aliandika nambari ya kitambulisho, akangoja, akaandika tena, akageuza kioo cha tarakilishi tukione, tukaona duara dogo likizunguka, likizunguka. “Mama, sistimu iko chini,” alisema. Dada, ambaye alikuwa amekaa juu ya benchi na leso yake kichwani na faili mapajani, amejikunja kwa maumivu, aliinua uso akauliza, “Itapanda lini, mwanangu?” Na yule binti hakujua la kumjibu, akatazama mezani. Saa za alasiri sistimu ilikuwa chini. Saa za isha ilikuwa chini. Tukaambiwa tukitaka apasuliwe alfajiri tuweke amana, na kiasi chenyewe kilikuwa zaidi ya tulichokuwa nacho mimi na wanangu wote.

Usiku ule mpwa wangu alifungua kundi la mchango katika WhatsApp, akaliita Matibabu ya Bi Mkubwa, akaweka nambari ya M-Pesa na jina la mshika fedha, na mimi nikaketi kandoni mwake ukumbini nikitazama majina yakiingia. Mwenye duka la viungo, Mhindi ambaye baba yake na babangu walikuwa wakicheza bao pamoja. Fundi cherehani wa kona, mama Mkatoliki kutoka Taita, ambaye dada humpa nguo zote za Idi kushona. Imamu alitangaza baada ya isha, na kofia ikazungushwa msikitini. Jamaa aliyeko Toronto, tuliyedhani ametusahau, alipiga simu kwanza kuhakikisha kwamba si matapeli, kisha akatuma. Shilingi elfu mbili, shilingi mia tano, mia mbili. Na baada ya saa sita za usiku ikaingia shilingi hamsini, na jina lilipotokea nilimjua kuwa ni kijana wa mkokoteni. Adhana ya alfajiri iliposomwa amana ilikuwa imetimia na kuzidi. Dada alipasuliwa, akapona, na sasa anakula biriani aliyokatazwa na daktari.

Nikasema Alhamdulillah, na safari hii niliisema kwa sauti. Nilichokipata usiku ule hakinunuliki, na katika hesabu yangu ya neema sina cha kukitangulia. Asubuhi, walakini, nilipoisoma tena orodha kwa utulivu wa kikarani, niliona kwamba wengi miongoni mwa wachangaji walikuwa ni waajiriwa, walimu, askari wa kaunti, makarani wa benki, ambao kila mwezi wamekwisha katwa asilimia 2.75 yao kwa ajili ya ugonjwa kama huu wa dada. Basi wamelipa mara mbili, mara moja kwa nguvu na mara moja kwa mapenzi, na dada alitibiwa kwa ile ya mapenzi. Kila jina katika orodha ile lilikuwa neema kwangu, na kila jina lilikuwa shahidi juu ya wale waliochukua makato. Lau ningeisoma kwa jicho la kwanza peke yake ningekuwa mjinga, na lau ningeisoma kwa jicho la pili peke yake ningekuwa mkosefu wa fadhila.

Mji huu haukosi mfano wa kuigwa katika jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa hapa hapa, alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na ndani yake akaandika kwa Kiswahili mambo ambayo wengi hawakupenda kuyasikia, akiwakemea watu wa pwani kwa kuipuuza elimu, kwa bidaa, na kwa kuwaiga Wazungu bila ya kupima. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amekosa shukrani kwa Mola wake, maana alizijua aya za shukrani kuliko wote waliotaka anyamaze. Na wala elimu yake ya kushukuru haikumzuia kuona kilichooza. Nashangaa kwamba sisi tuliorithi msikiti na mtaa wake tumeirithi hamdu yake bila ya ukali wake, na vijana wetu wameurithi ukali bila ya hamdu.

Nikirudi kwa mjukuu wangu, ambaye sikumjibu, jambo ambalo angeweza kunishika nalo zaidi, na hakunishika, ni hili: kwamba mimi ni mwepesi wa kushukuru kwa kuwa nina nyumba ya mawe niliyoachiwa na wazee, sidaiwi kodi ya pango, na ninapoona upepo ni mzuri ni kwa kuwa dirisha langu latazama bahari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mpangaji wa Kisauni au Changamwe anayelipia chumba cha bati, anayenunua maji kwa mkokoteni kama mimi ila kwa mshahara wa kibarua, simwendei kumhutubia habari za kuhesabu neema. Akizihesabu mwenyewe, na aghalabu huzihesabu kuliko matajiri, nitamsikiliza kwa adabu. Mjukuu huyu mwenyewe alipokwenda kutafuta kitambulisho aliambiwa, katika afisi ambayo sitaitaja, alete cheti cha kuzaliwa cha babu wa babake, mtu aliyezaliwa kabla ya kuwako nchi iitwayo Kenya. Akarudi nyumbani akacheka, na kicheko chake hakikunipendeza. Kitambulisho alikipata mwishowe, baada ya kurudishwa mara kadha wa kadha. Waliokipata kwa siku moja kwa sababu ya majina yao wasimwambie ashukuru.

Hata hivyo mimi ni mzee, na nitashukuru. Namshukuru Mola kwa macho yanayosoma gazeti, kwa mke ambaye tumezeeka pamoja na bado hugombana nami juu ya chumvi katika mchuzi wa changu, kwa maembe ya boribo yakiwa msimuni, kwa binti anayerudi na viatu mkononi akiwa na la kuisemea nchi yake, kwa mtaa ambao mtu hafi peke yake. Mengi katika haya ni watu, na ni watu hao hao wanaokosa maji.

Mchango wa dada ulibakisha fedha kidogo, na mpwa wangu akaitisha kikao barazani kuuliza ifanyweje. Wengine wakataka irudishwe, wengine iwekwe kwa mgonjwa atakayefuata, na hawa wakashinda. Kisha mama fundi cherehani akatoa shauri ambalo hakuna aliyelitarajia, kwamba orodha ya wachangaji igeuzwe kuwa orodha ya watia sahihi, na barua iandikwe kwa mbunge na kwa mwakilishi wa wadi, kueleza juu ya bima isiyofunguka na mfereji unaokohoa, na nakala ya risiti za hospitali iambatishwe. Karibu wote wakakubali. Mzee mmoja tu alikataa, rafiki yangu wa siku nyingi: alisema kwamba alichotoa alikitoa kwa ajili ya Mungu, na hataki sadaka yake ipelekwe afisini kugombana na watu. Hakuna aliyemshurutisha, maana alikuwa na haki yake. Lakini barua ilipokwisha andikwa aliomba aisome, akavaa miwani yake, akasoma kwa muda mrefu, akasema kwamba Kiswahili chake ni cha kihuni na hakuna mkubwa atakayekiheshimu, akaomba kalamu, na akaketi hadi magharibi akiisahihisha mstari kwa mstari. Jina lake halimo, ila makali yote ya ukurasa wa pili ni yake.